Mwaka Nilipompa Mpishi Maneno

Tulimzika Hajji Twaha Jinja, na baada ya maziko tukaketi chini ya turubai uani kwake kula pilau. Nilikuwa upande wa wanawake, karibu na masufuria, nikiwasikiliza wakibishana kama marehemu alipenda chai ya tangawizi au chai ya rangi tupu. Mzee mmoja mrefu mwenye mvi akaja akitembea taratibu, akasimama mbele yangu na kunyoosha mkono. "Mpishi," akasema. "Wewe bado hapana kufa?" Wanawake wakamtazama kwa ukali, maana hayo si maneno ya kusema msibani. Mimi nilicheka mpaka nikajifunika uso kwa mtandio. Alikuwa Okiror, sajenti wa magereza wa Mbale enzi za usichana wangu, na kwa zaidi ya miaka ishirini hakuna mtu aliyekuwa ameniita kwa jina hilo. Tulikaa pamoja mpaka sahani zote zikaoshwa, tukizungumza habari za mwaka mmoja tu, na kila mmoja alikumbuka vitu ambavyo mwenzake alikuwa amevisahau.

Wanaonijua leo wananijua kwa studio yangu ya kutafsiri filamu hapa Jinja, ambako vijana wanne hukaa na vipaza sauti wakitia Kiswahili midomoni mwa Wachina, Wahindi na Wamarekani. Wageni huniuliza nilisomea wapi lugha. Huwajibu kwamba nilisomea penye chapati, nao hucheka wakidhani nafanya mzaha. Ukweli ni kwamba kazi hii yote ilitokana na filamu moja ya Kijapani, ya mapanga na maiti, ambayo jina lake silijui hata leo, maana kanda ilitufikia bila jalada na maandishi ya mwanzoni hakuna aliyeweza kuyasoma.

Nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa na nilipanga chumba Namakwekwe, Mbale, katika safu ya vyumba sita vyenye ua mmoja. Kilikuwa na kitanda, jiko la mkaa nililolitoa nje kila nikipika, na kamba ya nguo iliyopita juu ya kitanda hivi kwamba nguo zikiwa mbichi zilinidondokea usingizini. Ukuta wa upande wa kulia haukufika kwenye bati. Upande wa pili wa ukuta huo aliishi mwenye nyumba, Mama Nafuna, mjane wa Kigisu mwenye mwili mkubwa na sauti ndogo, na kila neno lililosemwa chumba kimoja lilisikika chumba cha pili. Nilijua saa anayosali, nilijua binti yake anapomkasirisha, nilijua hata sufuria ipi anaifunua. Naye alinijua hivyo hivyo. Siku niliyohamia alinipa ufunguo na sharti moja, kwa Kimasaba, lugha ya Wagisu, bila kuinua macho kutoka kwenye mboga aliyokuwa akiichambua: "Humu ndani Kiswahili hakizungumzwi." Nilidhani ni maringo ya mwenye nyumba. Mimi Kiswahili nilikizoea tangu utotoni kwa kukaa miaka kadhaa upande wa Kenya, na wateja wangu wengi walikuwa Waislamu wenzangu wa sokoni, basi nilikitumia kutwa nzima. Nikifika mlangoni kwa Mama Nafuna nilikiacha nje.

Chapati nilizipika mtaa wa Malukhu, mjini humo humo, nyuma ya kibanda cha video cha Hajji Twaha. Kilikuwa chumba kirefu cha mbao na mabati, chenye mabenchi, na madirisha yake yalifunikwa kwa mablanketi ya kijivu ili mchana uwe giza. Katika ukuta wa nyuma Hajji alikata tundu la mraba ili watazamaji wapate chapati na chai bila kutoka nje. Kupitia tundu hilo mikono ilinifikia, na kupitia tundu hilo nilitazama kila filamu iliyopita, jicho moja kwenye luninga na jingine kwenye kikaango. Hajji alikuwa mtu wa Jinja aliyekuja Mbale kufanya biashara, mpole, mwenye kikofia kilichofifia rangi, na mwaka ule mambo yake yalikuwa yamemharibikia. Mtafsiri wake, kijana hodari wa Kiganda aliyekuwa akikaa na kipaza sauti kando ya luninga na kueleza kila kinachosemwa, alikuwa amevutwa na kibanda kipya cha ng'ambo ya barabara. Watu walimfuata. Hajji alibaki na mabenchi na wateja wasiopenda kuvuka barabara: askari magereza waliotoka zamu ya asubuhi, mapolisi, wanajeshi wachache, na wafanyabiashara wa sokoni. Mwenye kiwanja alikuwa amekwisha kumwambia kwamba mavuno ya mashamba ya Busiu yakikaribia, angependa kugeuza kibanda kuwa ghala la mahindi.

Katika hali hiyo ndipo ilipokuja kanda ya Kijapani, ndani ya sanduku la kanda kuukuu ambalo Hajji alilileta kutoka Kampala. Hakuna filamu ninayoijua vizuri kuliko ile. Ilitengenezwa na watu wachache wasio na kitu; ungeweza kuona kwamba nyumba yote ni mbao nyembamba, kwa sababu mlango ukifungwa kwa nguvu ukuta mzima ulitikisika. Ni hadithi ya mwanamke mpishi katika nyumba ya wageni iliyo juu mlimani, mahali penye ukungu kama wa mlima wetu wa Wanale asubuhi za masika. Majambazi wanafika na mapanga, bastola na pikipiki moja, wanamwamuru awapikie. Nyuma ya nyumba wamezika watu waliowaua, na jioni wale waliozikwa wanafukuka na kuja mezani. Mpaka hapo ni filamu ya kutisha. Kisha inakuwa ya mapigano, mpishi akipigana kwa kisu cha samaki na mfuniko wa sufuria. Kisha inakuwa ya vichekesho, kisha mtu mmoja mwenye upanga anasimama kwenye mvua na kuimba wimbo mzima wa mapenzi wakati maiti wanamngoja amalize. Damu ya filamu ile ilikuwa kama sharubati, na maiti wote walivaa buti za mpira za aina moja.

Siku ya kwanza Hajji aliionyesha bila mtafsiri, na watu wakaanza kupiga miluzi. Okiror, aliyekuwa akikaa benchi la nyuma kabisa ili awe karibu na chai, akageukia tundu langu. "Dada, huyu mama nasema nini na hii watu ya panga?" Nilikuwa nimesikia mwanzo wa filamu ile mara moja tu, Hajji alipokuwa akiijaribu asubuhi, na Kijapani sijui neno. Lakini nilikuwa nimeyaona macho ya yule mwanamke alipokuwa akikata vitunguu, na nilijua mtu anayekata vitunguu hivyo anafikiri nini.

"Anasema watangoja," nilimjibu. "Anasema wali hauivi kwa kelele."

Okiror akacheka. "Na ile kubwa yao?"

"Anamuuliza kama haogopi. Naye anamjibu, nakuogopa wewe kwa nini, wewe unajua hata kuwasha jiko?"

Benchi la nyuma lote likageuka, kisha la mbele yake. Nikaendelea kusema, kikaango kikiwa mkononi, na chapati ikaungua. Kulikuwa na mwigizaji mmoja mwenye masikio makubwa ambaye watengenezaji wa filamu, kwa uhaba wa watu, walimtumia kila mahali: anauawa mwanzoni akiwa jambazi, anafukuka akiwa maiti, baadaye anatokea akiwa polisi na kuuawa tena. Mtu mmoja akalalamika kutoka gizani, "Lakini huyu tumeshazika." Nikasema kupitia tundu, "Ndiye huyo huyo. Jina lake ni Nimerudi. Kaburi limemkataa." Kibanda kikalipuka kwa kicheko, na tangu hapo kila masikio yale yalipotokea watu wazima, wenye bunduki na wake na watoto, waliita kwa pamoja, "Nimerudi." Filamu ilipokwisha walitaka irudiwe.

Jioni Hajji alikuja kwangu, akakaa juu ya debe na kula chapati polepole kabla ya kusema. "Zaituni, mwanangu, kesho utaniachia kikaango?" Nilimwambia msichana hawezi kukaa mbele ya wanaume wote wale na kipaza sauti, watu wa msikitini wangesema nini. Alifikiri kidogo, akasema atatundika pazia. Mimi nitakaa nyuma yake, luninga nitaiona kwa pembeni, na watu watasikia sauti tu. Nikamuuliza nitumie lugha gani. Akawahesabu kwa vidole wateja tuliobakiwa nao: Mteso, Mwacholi, mtu wa Lango, Mgisu, Mnubi, Msoga. "Kuna lugha gani nyingine inayowaingia wote hawa?" aliniuliza. Hakukuwa na nyingine. Pazia lilikuwa shuka ya zambarau yenye maua, na siku iliyofuata nilianza kazi.

Tatizo lilikuwa kujizoeza. Filamu nilikuwa nimeikariri, lakini maneno yalikuwa yanahitaji kukaa sawasawa na midomo, na mahali pekee pa kufanyia hivyo palikuwa chumbani kwangu. Nilinong'ona nikiwa nimejifunika blanketi kichwani. Jioni ya tatu, nilipokuwa mahali ambapo mkubwa wa majambazi anampigia mpishi kelele alete chakula upesi, nilisikia kutoka ng'ambo ya ukuta sauti ndogo ya Mama Nafuna, kwa Kimasaba: "Kwa nini huyo mwanamke hatii pilipili ya kutosha kuwapofusha?" Nilijua nimefukuzwa. Kisha nikasikia sufuria ikifunuliwa, na sauti ile ile ikaniambia nije nile.

Alikuwa amepika malewa, yale machipukizi ya mwanzi yanayokaushwa kwa moshi, katika mchuzi mzito wa karanga, na matoke yaliyofunikwa kwa majani yake. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuingia chumbani mwake. Palikuwa na viti viwili vyenye vitambaa vilivyofumwa kwa mkono, na picha ya mumewe akiwa amesimama kando ya baiskeli. Alinipakulia, akangoja nimeze tonge la kwanza, ndipo akaniambia. Wakati wa utawala wa kijeshi, kwenye kizuizi cha barabara, askari walimwuliza mumewe maswali kwa Kiswahili. Yeye hakukijua. Alijibu "ndiyo" kwa kila walichouliza, kwa sababu ndilo neno pekee alilokuwa nalo, na mojawapo ya maswali yale halikutakiwa kujibiwa ndiyo. Walimshusha kwenye baiskeli yake, naye hakurudi. Mama Nafuna alisimulia haya bila machozi, akinisogezea mchuzi. Kisha akaniuliza, "Katika hiyo filamu yako, ni nani anayetoa amri kwa lugha hiyo?"

"Majambazi."

"Na mpishi? Yeye anazungumza lugha gani?"

"Hiyo hiyo."

"Anasema maneno mangapi?"

Nikafikiri. Katika kanda yenyewe mpishi alikuwa mtu mkimya. Wanaume ndio waliokuwa wakipayuka. "Machache," nilisema.

"Mwongezee," Mama Nafuna akasema. "Wao wapunguzie."

Nimekaa na wataalamu wa mambo haya, nimealikwa kwenye mikutano ambako watu huvaa vitambulisho shingoni na kujadili kutafsiri, na sijasikia shauri lililonifaa kama lile. Tangu siku hiyo majambazi wangu walipata neno moja moja tu: simama, lete, haraka, wewe. Walipofungua vinywa na kupayuka dakika nzima, mimi nilikaa kimya, na watu wakaona wanaume wenye mapanga wakitapatapa kama samaki waliotolewa majini. Mpishi nilimpa vyote vilivyobaki. Akiwa amefunga mdomo nilimpa mawazo yake. Aliwaza kuhusu kuni mbichi, kuhusu miguu inayouma, kuhusu mume aliyeondoka na baiskeli asubuhi. Aliwatukana wale wanaume kwa heshima zote, akiwaita bwana na afande, na maiti walipokuja mezani aliwaambia waoshe mikono kwanza. Mama Nafuna alinisahihisha kupitia ukutani kila jioni. Alisema mpishi wa kweli hasemi "chakula kiko tayari" kabla ya kuonja, na kwamba mtu mwenye hasira huwa anafuta meza ambayo tayari ni safi. Mimi nilikuwa namjibu kwa Kimasaba, lakini maneno ya mpishi niliyasema kwa Kiswahili, kwa sauti kamili, naye hakulalamika tena.

Kibanda kilijaa. Wale wa ng'ambo ya barabara walianza kuvuka, kwanza kwa udadisi, baadaye kwa mazoea. Wanawake wa sokoni walikuja na vikapu vyao. Siku moja niliona kupitia pembe ya pazia kwamba Mama Nafuna amekaa karibu na mlango, katika gomesi, gauni lake refu la kanisani, mkoba mapajani, katikati ya askari magereza wawili waliojibana ili awe na nafasi. Mpishi alipomwambia mkubwa wa majambazi, "Afande, kwangu mimi ukitaka kula utaomba," kibanda kizima kilicheka, na wale askari wawili ndio waliocheka zaidi. Mmoja wao, Okiror mwenyewe, alimgeukia Mama Nafuna akasema, "Ni haki yake, mama." Mama Nafuna akaitikia, kwa Kiswahili, "Ndiyo." Alikaa mpaka mwisho uliposogea, akaondoka kabla haujafika. Nilijua kwa nini. Katika kanda, nyumba inashika moto, mpishi anaangukiwa na paa akiwa anawazuia maiti mlangoni, na yule mwanaume mwenye upanga anaondoka zake kwa pikipiki, amevimba kifua kana kwamba ushindi ni wake. Hapo sikuwa na la kufanya. Naweza kumpa mtu maneno, lakini watu walikuwa wakiona kwa macho yao paa likimwangukia.

Mavuno ya Busiu yalipokaribia, Hajji alisema twende Jinja. Mdogo wake, Bakari, alikuwa na ukumbi mkubwa karibu na soko, wenye dari na feni, na kama Bakari angeridhika wangeunganisha biashara, kibanda cha Malukhu kingepona, nami ningepata kazi ya kudumu. Asiporidhika, Malukhu ingekuwa ghala, na mimi ningerudi kwenye kikaango mahali pengine, kama ningepata mahali. Nililala kwa Bakari, katika chumba cha binti zake, baada ya mke wake kunishibisha kwa samaki aina ya ngege wa kukaanga na ugali, na sebuleni niliwasikia ndugu wawili wakibishana. Mtafsiri wa Bakari alikuwa wa Kiganda, anapendwa na Wasoga wote wa mji ule. "Kiswahili?" Bakari alisema. "Kaka, watu wa hapa wakisikia Kiswahili kwenye spika watadhani ni msako. Watapitia madirishani. Tena sauti ya mwanamke." Hajji akamjibu, "Wakipitia madirishani nitawarudishia viingilio mwenyewe." Nilivuta shuka kichwani na kumsemesha mpishi wangu maneno yake, lakini nayo yalikuwa yananikimbia.

Ukumbi ulijaa alasiri iliyofuata, zaidi kwa watu waliotaka kuona tukiaibika. Okiror, aliyekuwa amehamishiwa Jinja, alileta askari wenzake wa benchi zima. Bakari alikuwa ametundika pazia, kama nilivyomwomba. Mwanzo ulikuwa mgumu. Majambazi waliposema "Simama" niliisikia baridi ikipita ukumbini. Mwanamke mmoja mbele aliinuka na kumshika mtoto wake mkono. Kisha mpishi akafungua mdomo na kusema wali hauivi kwa kelele, na mwanamke yule akakaa. Nimerudi alipotokea tena, akiwa polisi, watazamaji walikuwa wangu. Walimwita kabla sijamwita mimi.

Tulifika kwenye moto. Maiti wako mlangoni, mpishi ana kisu cha samaki mkononi, moshi unajaa chumba, ndipo umeme ukakatika. Luninga ikawa nyeusi, spika zikanyamaza, feni zikazunguka kidogo na kusimama. Mwendesha mitambo akakimbilia jenereta nje, tukaisikia ikikohoa na kukataa. Watu wakaanza kunung'unika, mabenchi yakaburutwa. Bakari alisema gizani, "Basi, yamekwisha." Nami nyuma ya pazia nilikuwa na kipaza sauti kilichokufa na sauti ambayo haiwezi kupenya shuka. Sikufikiri. Nililisukuma pazia, nikatoka, nikasimama mbele ya luninga, mahali ambapo mwanga mdogo wa mlango ulinifikia, na wote wakaniona kwa mara ya kwanza: msichana mwembamba mwenye mtandio na madoa ya mafuta kwenye mikono.

"Kaeni," niliwaambia. "Chakula kiko jikoni bado."

Wakakaa. Niliwaambia kwamba moshi umeingia machoni mwa mpishi lakini yeye amezoea moshi, amekaa nao tangu utoto, wao ndio hawauwezi. Niliwaambia kwamba maiti wamesimama mlangoni na hawaingii, kwa sababu wa mbele yao amemtambua. Nani huyo, mtu akauliza. Nikamwambia ni mume wake, yule aliyeondoka asubuhi na baiskeli. Ukumbi ukatulia hata nikasikia jenereta ikijaribiwa tena. Nikasema mpishi hakumpiga kisu. Alimwuliza kama amekula. Yule mume akasema hajala tangu siku ile. Akampakulia, pale pale moto ukiwaka, akala amesimama, na wenzake wote wakala, mmoja mmoja, na kila aliyeshiba aliweka sahani chini na kurudi kulala alikotoka. Hata Nimerudi alishiba. "Safari hii amesema kwaheri," niliwaambia, na baadhi wakacheka huku wakilia. Majambazi walikuwa wameng'ang'ania mali yao chumba cha nyuma na paa likawaangukia wao. Mpishi akachukua sufuria yake, akapita katikati ya moshi, akatoka nje. Kulikuwa kunakucha. Alisimama kwenye barabara ya mlimani, akapumua, akashuka kwa miguu yake mwenyewe.

Walikaa kama watu waliomaliza kula. Kisha kelele zikaja zote kwa pamoja, vigelegele vya wanawake, buti za askari zikigonga sakafu, na Hajji Twaha akiwa amevua kikofia chake na kukikunja mikononi. Katikati ya kelele hizo umeme ukarudi. Luninga ikawaka, kanda ikaendelea pale ilipoachia, na wote wakaona paa likimwangukia mpishi na mwanaume mwenye upanga akipanda pikipiki. Kelele zikakatika. Mzee mmoja wa mbele, mwenye kanzu, akainua mkono kwa mwendesha mitambo.

"Zima hiyo," akasema. "Imekosea."

"Mzee, hiyo ndiyo filamu yenyewe."

"Sisi tumeshaona mwisho. Zima."

Wengine wakaunga mkono, kwa Kisoga, kwa Kiganda, kwa Kiswahili, na Bakari mwenyewe akaenda kwenye deki na kubonyeza kitufe. Akanigeukia. "Kesho," alisema, "tutaizima mahali hapo hapo, na wewe utasimama hapo hapo. Pazia nitampelekea mke wangu." Ndivyo tulivyofanya msimu mzima, Jinja na Mbale kwa zamu. Kila alasiri tuliikatiza kanda kwenye moto, mwendesha mitambo akafungua mlango ili mwanga uingie, nami nikasimama na kuwatoa watu wote salama. Malukhu haikuwa ghala. Mama Nafuna aliusikia mwisho mpya akiwa benchi la tatu, na safari hiyo alikaa mpaka watu wote walipoondoka.

Kabla mwaka haujaisha nilikuwa sokoni Jinja nikichagua nyanya, na kwenye meza ya jirani wanawake wawili wasionijua walikuwa wakizungumza habari za filamu. Mmoja wao hakuwa ameiona. Mwenzake alikuwa akimweleza jinsi mpishi anavyotoka kwenye moshi, sufuria kichwani, amefunga kitambaa cha buluu kilichoungua pindoni, na jinsi anavyosimama barabarani na kutazama nyuma mara moja kabla ya kushuka. "Kitambaa cha buluu?" yule wa kwanza akauliza. "Cha buluu," mwenzake akasema. "Mimi nimekiona kwa macho yangu." Kwenye kanda kitambaa hicho hakikuwepo, na mimi katika kusimulia kwangu sikuwahi kutaja rangi yoyote. Nilichukua nyanya zangu, na alasiri ile, nilipofika pale mpishi anapotoka kwenye moshi, nilimfunga kitambaa cha buluu.